Gundi au simu: njia mbili za kupandanisha picha nyingi ziwe picha moja

Mwezi wa saba nilikaa siku nne kwa shangazi yangu Tukuyu, na siku ya pili nikapiga picha 53 za jiko lake. Nasema kile kibanda cha matofali nyuma ya nyumba, chenye mafiga matatu, ukuta mweusi kwa masizi ya miaka mingi, na kidirisha kinachoingiza mwanga kwa mshazari. Nilishajaribu mara nyingi kulipata jiko lile kwa picha moja nikashindwa. Ukisimama mlangoni unapata mafiga na giza. Ukiingia ndani unapata sufuria tu, na dirisha limebaki nyuma yako. Hata macho hayalioni jiko lile kwa mkupuo. Yanatoka kwenye moto, yanapanda kwenye kichanja cha kuni, yanashuka kwenye ndizi zilizomenywa, yanarudi kwenye mkono wa mpishi. Basi nikaamua kamera nayo ifuate njia hiyo hiyo.

"Mbona unapiga ukuta, mwanangu? Mimi nipo huku," shangazi akaniambia.

"Nakuja huko, shangazi. Naanza na ukuta."

Picha zile 53 nilizifanyia kazi mara mbili. Kwanza nilizisafisha zote studio nikazibandika kwa gundi juu ya hadibodi. Kisha nikazipandanisha zile zile ndani ya simu, bila karatasi. Wiki chache baadaye nikarudia zoezi hilo kwa mlima Loleza, nikiwa nimesimama juu ya paa la nyumba Mbeya mjini. Kwa hiyo ninaposema hapa kwamba njia hii inafaa kwa hiki na ile kwa kile, ninalinganisha picha zile zile zilizopita mikono miwili tofauti. Wengi wananiuliza waanze na ipi. Jibu langu linategemea jambo ambalo watu hawaliulizi, nalo nalieleza kwanza.

Nani anatembea?

Neno kolaji, yaani sanaa ya kubandika vipande vingi viwe picha moja, limetoka kwenye kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kubandika kwa gundi, na sanaa yenyewe ni ya zamani. Lakini kolaji ya picha nyingi za kitu kimoja, zilizopandana kingo kwa kingo, watu wengi huihusisha na mchoraji wa Uingereza David Hockney, aliyezaliwa Bradford mwaka 1937. Mwaka 1982, akiwa California, alianza na picha za Polaroid, zile zinazotoka papo hapo kwenye kamera bila kwenda kusafishwa. Kwa kuwa kila picha ilikuwa na ukingo mweupe, alizipanga kwa safu na mistari kama vigae vya sakafuni. Baadaye akahamia picha za kawaida za filamu zinazosafishwa dukani, na hapo ndipo akaanza kuzipandanisha ovyo ovyo, zikitokeza pembe huku na huko. Kazi yake kubwa ya namna hiyo, ya mwaka 1986, inaonyesha njia panda katika jangwa la California, na ina picha zaidi ya 700. Ukiitazama haraka unadhani mtu alisimama barabarani akapiga pande zote. Sivyo. Kibao cha kusimamisha magari alikipandia ngazi akakipiga kwa karibu. Makopo na takataka za kando ya barabara aliziinamia moja moja. Ndiyo maana kila kitu mle kipo karibu nawe, hata kilicho mbali.

Hapo ndipo swali langu linapotoka. Katika kolaji unayotaka kuifanya, nani anatembea: wewe, au unachokipiga?

Jiko la shangazi halitembei. Mafiga yako palepale, hivyo ilinibidi mimi nitembee: niinuke, niiname, nisogee hadi sufuria ijaze fremu. Loleza ni kinyume chake. Mimi nilisimama paani bila kusogeza mguu, na mlima ndio uliokuwa unabadilika, maana mawingu ya Mbeya hayana subira. Nilipoanza safu ya juu kilele kilikuwa wazi. Nilipomaliza safu ya chini, dakika kumi na kitu baadaye, kilele kilikuwa kimekwisha kufunikwa.

Ukitembea wewe, picha zinatoka na ukubwa usiolingana: sufuria hapa kubwa, pale ndogo. Haziungani kwa mstari. Zinahitaji kusogezwa, kuzungushwa, kujaribiwa tena. Ukisimama wewe, picha zinaungana karibu zenyewe, na kazi inayobaki ni kuzinyoosha. Tofauti hii ndiyo iliyonifanya, mwishoni, nichague gundi kwa jiko na simu kwa mlima. Njia zote mbili zinawezekana kwa vyote viwili, ila moja inakusaidia na nyingine inakusumbua.

Kupiga ni kwa namna moja

Kabla ya kutofautiana, njia hizi zinashirikiana hatua ya kwanza, na makosa ya hatua hii hayafutiki baadaye. Funga mwanga na fokasi: kwenye simu nyingi unabonyeza kioo na kushikilia hadi kialama cha kufuli kitokee. Usipofunga, simu itapima mwanga upya kwa kila picha; ukuta utang'aa picha moja na kufifia inayofuata. Usitumie lenzi pana ile ya 0.5, kwa sababu inavuta vitu vya pembeni vikapinda, na vilivyopinda havipandani. Tumia 1 au 2. Acha kila picha imeze theluthi ya jirani yake. Piga pia picha moja ya jumla ya kila kitu, isiyo ya kubandikwa, ya kukukumbusha tu nini kilikuwa wapi.

Na uliza kabla ya kupiga watu. Soko la Mwanjelwa, pale Mbeya, lina kila kitu ambacho kolaji inapenda, mafungu ya nyanya na parachichi na mikono inayohesabu chenji, lakini mtu anayepigwa picha 30 na mgeni asiyejitambulisha ana haki ya kukasirika. "Shikamoo mama, naomba kupiga picha za meza yako, nitakuletea moja" inafungua njia. Kisha mletee kweli.

Gundi

Kwenye karatasi, gharama yako kubwa ni kusafisha. Bei zinatofautiana mji kwa mji na studio kwa studio, hivyo chukua bei ya posikadi ya kwenu uizidishe kwa idadi ya picha, uongeze hadibodi na gundi. Ni hesabu inayoumiza kidogo ukiwa na picha 53. Ila ujue unachonunua: posikadi ni sentimita 10 kwa 15, na zikipandana kwa theluthi pande zote, kila moja inaongeza chini ya nusu ya eneo lake. Picha 40 zinakupa kazi inayozidi kidogo karatasi ya A2. Zangu 53 zilijaza takriban sentimita 50 kwa 70. Hicho ni kitu cha ukutani, mtu akiingia sebuleni anakiona kabla hajakaa.

Studio ya kwanza niliyopeleka picha iliniharibia kazi kwa njia mbili, na zote mbili ningeweza kuzizuia kwa kusema mapema. Mashine ya kusafisha hujirekebishia mwanga yenyewe. Inapokutana na ukuta mweusi inadhani picha imepigwa gizani, inaung'arisha. Masizi ya shangazi yakageuka majivu, na kila picha ikawa na majivu ya rangi yake. Pili, simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, wakati posikadi ni 3 kwa 2. Mashine ikijaza karatasi yote inakata moja ya tisa ya upande mfupi wa picha yako. Mtu aliyeacha mpandano mdogo anakuta haupo tena, na picha mbili zilizokuwa jirani sasa zina pengo katikati. Mwambie fundi kabla hajaanza: asirekebishe rangi wala mwanga, asiweke ukingo mweupe, na achape kwenye karatasi isiyong'aa. Uwiano urekebishe mwenyewe kwenye kamera kabla ya kupiga kama simu yako inaruhusu. Kama hairuhusu, ongeza mpandano. Na usimtumie picha kwa WhatsApp kama picha za kawaida, zitabanwa zipoteze ubora. Zitume kama faili au zipeleke kwa flashi.

Nilisafisha upya. Wiki iliyofuata nikarudi Tukuyu na bahasha, nikamwaga picha zote juu ya mkeka.

Hapa ndipo karatasi iliponipa kitu ambacho sikukitarajia. Nilikuwa nimepanga mkono wa shangazi wenye mwiko juu, karibu na dirisha, kwa sababu mwanga wake uliendana. Shangazi akauangalia, akautoa. "Huu ni wakati nageuza ndizi," akasema. "Unakaaje huko juu? Ulete kwenye sufuria. Ule mwingine, wa kuchochea kuni, ndio wa mwanzo." Akaendelea kuzisogeza, picha ya tano, ya kumi. Alikuwa anazipanga kwa utaratibu wa kupika: kuwasha upande wa kushoto, kuepua upande wa kulia. Mimi nilikuwa nimeona jiko. Yeye aliona asubuhi nzima. Watoto wa jirani nao wakaingia, mmoja akashika pembe ya kuni akaiburuza hadi ikatoka nje kabisa ya mstatili, na pale ndipo ilipobaki mpaka leo.

Kwenye simu jambo hilo haliwezekani. Kioo cha simu ni cha kidole cha mtu mmoja.

Kuhusu kubandika kwenyewe: usiweke gundi siku hiyo hiyo. Shikilia kila picha kwa kipande cha solatepu kilichoviringishwa, lala, amka uitazame tena, kisha upige picha mpango wote kwa simu kabla ya kuubomoa. Anza kubandika zilizo chini kabisa, zile za mbele zije mwisho. Gundi nyeupe ya maji, ile ya mbao, inalowesha karatasi na kuikunja, na kwenye unyevu wa Tukuyu au Mufindi itachukua muda mrefu kukauka. Gundi ya fimbo au solatepu ya pande mbili ni salama zaidi. Weka vitabu vizito juu yake usiku kucha. Ukiipeleka kwa fundi fremu, mwambie aache nafasi kati ya kioo na picha, kwa vipande vyembamba vya kadibodi pembeni. Picha inayogusa kioo mahali penye unyevu hunata, na siku ukiitoa inabanduka na rangi yake.

Simu

Simu haina bei ya karatasi, na kosa linafutika. Hizo ndizo sifa zake mbili kubwa na sitazipunguza, kwa sababu mwanafunzi asiye na hela ya kusafisha picha 50 ana haki ya kufanya sanaa hii leo hii.

Kwa programu, Canva inakuwezesha kupanga ukurasa kwa sentimita, kuweka picha nyingi na kuamua ipi iwe juu ya ipi. IbisPaint, programu ya kuchora, inafanya kazi kwa tabaka, yaani kila picha inakaa kwenye karatasi yake juu ya nyingine, ingawa idadi ya tabaka inategemea nguvu ya simu yako. Mwenye kompyuta ana GIMP, programu ya kuhariri picha, ambayo ni ya bure. Hata PowerPoint, ambayo walimu wengi wanayo tayari, inafaa kuliko watu wanavyodhani: weka ukubwa wa slaidi uutakao, ingiza picha, zipandishe na kuzishusha, kisha hifadhi kama PDF. Kitu kimoja tu ufanye kabla: punguza picha. Picha ya simu yenye megapikseli 12 ina pikseli 4,000 kwa 3,000, na hamsini za namna hiyo zitaikwamisha simu ya kawaida. Kwa picha itakayochapwa sentimita 15, urefu wa pikseli 1,200 unatosha.

Kwa Loleza, simu ilishinda bila ubishi. Nilikuwa na safu nne za picha tisa tisa, zote kutoka pale pale niliposimama. Mabega yangu yalikuwa yameshuka taratibu kadiri nilivyochoka, hivyo kila safu ilielemea kulia kidogo. Kwenye simu nilizungusha kila picha nyuzi moja au mbili, mstari wa mlima ukanyooka. Kwenye karatasi kunyoosha huko kulinisumbua jioni nzima, na bado ukingo wa milima unaonekana umevunjika mahali pawili.

Lakini simu ina mtego. Kwa kuwa inaweza kusawazisha rangi, inakushawishi usawazishe. Nilifanya hivyo. Nikafanya mawingu yote yawe na weupe mmoja na vivuli vyote viwe na wakati mmoja, nikapata mlima safi wa kalenda, na zile dakika za wingu kupita zikawa hazipo tena. Nilizirudisha rangi kama zilivyopigwa, picha moja moja. Loleza ninayoipenda ina kilele kilicho wazi, bega la kijivu, na kipande kimoja cha jua kwenye mteremko ambacho kilikaa muda wa picha mbili tu.

Mtego wa pili ni mdogo: picha za kwenye kioo hazina unene. Kwenye hadibodi kila karatasi inaacha kivuli chembamba, na jicho linajua moja iko juu ya nyingine. Kwenye simu kingo zinayeyuka. Weka kivuli hafifu au mstari mweupe mwembamba kuzunguka kila picha, usizidishe.

Usichanganye haya na panorama ya simu. Panorama inaunganisha picha kwa kuficha viungo vyake. Anayepita mbele ya kamera hutoka amekatika. Kolaji ya kupandanisha inaviacha viungo wazi, na mtu akipita mara tatu anakuwemo mara tatu, mzima.

Na kamera za papo hapo?

Naulizwa pia kuhusu Polaroid na Instax. Ni nzuri kwa mpangilio wa vigae, kama Hockney alivyoanza, lakini ukingo mweupe unazuia kupandanisha: ama uufiche chini ya picha nyingine, ama ukubali gridi. Picha ya Instax Mini yenyewe ni milimita 46 kwa 62 tu, filamu ziko kumi kumi kwa pakiti, na huku kwetu mara nyingi ni za kuagiza. Kuna na baridi. Filamu ya Polaroid inataka joto la kati ya nyuzi 13 na 28, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba Mbeya au Njombe ziko chini ya hapo. Picha zinapauka na kuelekea ubluu. Kama unazo, zitie mfuko wa ndani wa koti mara tu zinapotoka.

Nikiwa wewe

Kwa jiko, karakana, kibanda cha fundi viatu, chumba cha marehemu babu kabla hakijapangwa upya, mahali popote ambapo mtu mwingine anapajua kuliko wewe: gundi, na mwite huyo mtu mkekani. Picha 30 zinatosha kuanza.

Kwa mwonekano mpana, simu. Kutoka juu ya Gangilonga, lile jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalozungumza, mji wa Iringa unaenea chini yako na jua la jioni linabadilika haraka. Simama, funga mwanga, piga safu kwa safu, usitembee.

Isimila, karibu na Iringa, iko katikati ya hizo mbili. Zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji ni ndefu kuliko fremu yoyote, na ziko palepale, wewe ndiye unayezizunguka. Huko ningepiga kwa wima, nguzo moja kwa picha nane au kumi kutoka kwenye mchanga hadi anga, nikisogea hatua kila mara. Ningejaribu mpangilio kwenye simu kwanza, kisha nisafishe zile tu zilizobaki. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo huu ndio mchanganyiko ninaoupendekeza: simu kwa kuchuja, karatasi kwa kumaliza.

Hifadhi ya Kitulo wakati wa maua, kuanzia mwisho wa mwaka mvua zikishashika, ningekwenda na mpango wa vigae, ua moja kwa kila picha, bila kupandanisha kabisa. Ua lililofunikwa nusu na ua jingine linapoteza umbo, na pale umbo ndilo kila kitu.

Jiko la shangazi liko sebuleni kwake, mbali na moshi. Ile ya kwenye simu ninayo mimi, nimeitazama labda mara nne. Ya hadibodi, kila mgeni anayefika anapelekwa mbele yake na kuonyeshwa kwa kidole: hapa nawasha, hapa namenya, hapa zimeiva.